Kuuguza mtoto mgonjwa sana nyumbani kwao: mwongozo kwa nesi anayeanza

Naandika hii kwa manesi wenzangu wa Kampala, ambao huku wanatuita musawo, kwa sababu maswali ni yaleyale kila wiki. "Musawo, nimepata familia Muyenga wanataka nesi wa kukaa na mtoto, nianzie wapi?" "Mtoto ana mpira shingoni, mimi nilikuwa wodi ya wazazi tu, nikubali?" "Niwaambie pesa ngapi?" Nimejibu kwa simu mpaka nimechoka, alafu nikaona bora niweke yote hapa, ukiulizwa na mwenzako na wewe umtumie.

Kwanza tuelewane ni watoto gani nawazungumzia. Yule njiti aliyeruhusiwa hospitali akiwa bado anatumia oksijeni. Mwenye mtindio wa ubongo anayelishwa kwa mpira wa puani au wa tumboni. Aliyefanyiwa operesheni ya maji kichwani kule hospitali ya CURE, Mbale, akawekewa shanti, yaani mrija wa kutoa hayo maji. Mwenye ugonjwa wa moyo anayesubiri zamu yake pale Uganda Heart Institute. Na mwenye trakeo, yaani anapumulia tundu la shingoni. Hawa hawajapona, wametulia tu, na kutulia kwao kunategemea mtu aliye macho pembeni yao.

Kama hujasomea uuguzi na huna usajili, tafadhali usichukue hii kazi hata wakikubembeleza. Unaweza kusaidia kwa kufua, kupika, kucheza na mtoto, hiyo ni kazi ya heshima kabisa, ila mpira wa shingoni usiuguse.

Na kama umesomea, jua kitu kimoja. Wodini ukiita, anakuja mtu. Nyumbani ukiita anakuja dada wa jikoni na askari wa geti, na wote wawili wanakuangalia wewe. Kwa hiyo karibu kila kitu unakifanya kabla shida haijaja, na hatua zote huku chini zimekaa hivyo.

KABLA YA KUANZA UWE NA HIVI

Vya kwako:
- Usajili na leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, na leseni iwe haijaisha muda. Familia wakiomba kuiona usikasirike, wako sawa.
- Mazoezi ya kuokoa mtoto aliyezimia, uwe umeyafanya kwa mikono kwenye mdoli. Ukiwa peke yako ni kubonyeza 30 pumzi 2, kasi 100 mpaka 120 kwa dakika. Mwenye trakeo pumzi unampa kupitia mpira wa shingoni. Watu wanasahau hii wanakimbilia mdomo na hewa inatokea shingoni.
- Siku kadhaa wodini na huyo huyo mtoto kabla hajaruhusiwa. Omba, wengi wanakubali. Siku mbili za kumsafisha trakeo huku sista wa wodi anakuangalia zinakufaa kuliko video mia.
- Chanjo ya homa ya ini ya B.
- Saa yenye mshale wa sekunde, stetho ya watoto, tochi ya kichwani, na kaunta buku mbili.

Vya nyumbani, na hivi ni vya familia kununua:
- Maagizo ya daktari kwenye karatasi, yenye sahihi na uzito wa mtoto.
- Oksimita ya kidole (ya kupima oksijeni kwenye damu) ya saizi ya watoto. Ya mtu mzima kwenye kidole kidogo inadanganya.
- Ambu begi ya mtoto (mfuko wa kukamua kumpa pumzi), glavu, sabuni, spiriti ya mikono.
- Kwa mwenye trakeo: mashine ya kunyonya makohozi yenye betri, na mipira miwili ya akiba, mmoja saizi yake na mwingine mdogo kidogo.
- Kwa mwenye oksijeni: konsentreta (mashine ya umeme inayotoa oksijeni kwenye hewa) NA mtungi wa oksijeni. Vyote viwili.

Kama hivyo vya mwisho havipo, usianze shifti. Waambie vizuri, wape orodha, wape wiki. Mtoto abaki wodini wiki moja zaidi, si vibaya.

HATUA KWA HATUA

1. Nenda ukawaone kabla hujakubali

Usikubaliane kwenye simu. Nenda, kaa, muone mtoto, alafu uliza mambo matatu: Mara tatu za mwisho alipozidiwa ilikuwaje? Daktari wake ni nani, na usiku anapatikana kwa namba gani? Na mzazi akiwa hayupo nani anaamua twende hospitali? Hilo la tatu ndo linaleta kesi. Baba yuko Dubai, mama yuko dukani Kikuubo, jaja (bibi) anasema tusubiri asubuhi, na wewe unaona mbavu za mtoto zinaingia ndani akivuta pumzi. Iandikwe kabisa kwamba nesi akisema twende, tunaenda, kuulizana baadaye.

2. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja

Najua tunaona aibu kuongea pesa mbele ya mtoto mgonjwa. Ongea tu. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, siku moja ya kupumzika, na saa za ziada ni malipo mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Na tangu sheria ya NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) ilipobadilishwa 2022, hata mwajiri wa mtu mmoja anatakiwa kukuwekea, yeye asilimia 10 na wewe 5. Wengi hawajui, waambie kwa upole.

Bei siwezi kukupangia, inategemea mtaa na hali ya mtoto, ila usitaje mshahara wa mwezi bila kutaja shifti ngapi. Hesabu kwa shifti, ongeza nauli ya usiku. Alafu andika kazi zako ni zipi: mtoto, chumba chake, vyombo vyake, nguo zake. Usipoandika, mwezi wa tatu utajikuta unapika pilau ya wageni na mashine ya mtoto inapiga kelele huko chumbani.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kukubali mchana na usiku peke yako "mpaka tupate mwingine". Huyo mwingine hapatikani kwa sababu wewe upo. Mtu ambaye hajalala siku mbili anakosea dawa hata awe na diploma tatu.

3. Pata ile karatasi ya daktari

Iandikwe: dawa na dozi kwa miligramu, kiwango cha oksijeni anachotakiwa kukaa nacho, chakula kiasi gani saa ngapi, akipata degedege tufanye nini, na lini kukimbia hospitali. Ibandike ukutani, nakala nyingine iwe kwenye begi. Daktari akibadilisha kitu kwa simu, mwambie akutumie na meseji, wewe uandike kwenye kitabu tarehe na saa.

4. Kagua chumba na umeme

Hapa nikae kidogo, manake hapa ndo niliumia.

Konsentreta ya lita 5 inakula kama wati 350. Iwake siku nzima hiyo ni yuniti 8 hivi za Yaka (umeme wa kulipia kabla), kwa mashine peke yake. Kaa na familia mpige hesabu hiyo, na mpange kabisa yuniti zikifika 20 nani ananunua.

Nyumba moja Kansanga nilikuwa shifti ya usiku na mtoto wa miezi 14, njiti, oksijeni nusu lita. Saa nane usiku mashine ikalia mlio mmoja mrefu ikanyamaza, nyumba ikawa giza, Yaka imeisha. Mama akaamka kununua na simu, netiweki haipandi. Mimi nikaenda kwenye mtungi, umejaa, nimeukagua mwenyewe jioni. Ila ufunguo wa kuufungulia haupo. Askari aliuazima mchana kukaza bomba la tangi la maji na hakumwambia mtu. Nimesimama pale na tochi kichwani namwangalia mtoto kidoleni 94, 90, 87, mama anakimbia getini bila viatu, ilipofika 81 ufunguo ukaja. Mtoto alirudi vizuri, ila mikono yangu ilitetemeka mpaka asubuhi. Mtungi niliukagua lakini ufunguo sikuukagua, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo ufunguo funga na kamba kwenye shingo ya mtungi, usitoke hapo. Na jua mtungi unakaa muda gani: chukua lita zilizomo gawanya kwa lita anazotumia kwa dakika. Mtungi wa lita 1,360 ukiwa umejaa, mtoto wa lita 1 kwa dakika unampeleka saa 22 hivi, wa lita 2 kama saa 11. Mshale ukiwa nusu, na saa ni nusu.

Kingine cha chumbani: sigiri (jiko la mkaa) isikaribie kabisa, wala mshumaa, wala mtu wa sigara. Oksijeni inafanya cheche ndogo iwe moto mkubwa. Na usimpake Vaseline puani wala usoni, tumia losheni ya maji.

5. Shifti mbili za kwanza, kaa na mama

Usiingie na kuonyesha unajua. Kaa, mwache mama afanye, wewe andika. Unatafuta "kawaida" ya huyu mtoto: anapumua mara ngapi akilala, midomo yake ina rangi gani, analiaje akiwa na njaa na analiaje akiwa na maumivu.

Mama mmoja aliniambia, "Musawo, huyu akikunja kidole gumba ndani ya ngumi, hesabu mpaka kumi, degedege inakuja." Hakuna kitabu kimeandika hivyo. Siku ya nne nikaona kidole kimekunjwa, nikamlaza ubavu, nikasogeza mto, nikaangalia saa, na kweli ikaja. Heshimu hiyo elimu. Umwite mama fulani kwa jina la mtoto wake, mwombe ruhusa kabla ya kubadilisha mpangilio wa chumba, na ukimsahihisha usimsahihishe mbele ya mama mkwe wake.

6. Kila ukiingia shifti, ukague kabla hujakaa

Nawa mikono sekunde 40 mpaka 60. Pokea habari kutoka kwa mwenzako mkiwa mmesimama wote wawili mbele ya mtoto, si getini yeye ameshapanda boda. Alafu gusa kila kitu kwa mkono: washa mashine ya kunyonya uone inavuta, kamua ambu begi, tazama mtungi na ufunguo, hesabu dawa, angalia mpira uko kwenye alama ileile ya jana. Mvue mtoto umtazame ngozi yote, hasa kisogo, kiuno na visigino, na chini ya plasta. Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila saa 2.

7. Kulisha kwa mpira wa puani

Kabla ya kila mlo, hakikisha mpira uko tumboni. Vuta maji kidogo kwa bomba la sindano, weka kwenye kijikaratasi cha pH (cha kupima asidi), isome 5.5 au chini. Ile ya kupuliza hewa na kusikiliza na stetho tulifundishwa wengi wetu, iache, hewa ukiipuliza mapafuni unaweza kuisikia hivyohivyo. Usipopata maji, mlaze ubavu wa kushoto, subiri robo saa, jaribu tena. Ukikosa kabisa usilishe, piga simu.

Alafu muinue kichwa na kifua, nyuzi 30 mpaka 45, toa kisukumio cha bomba, mimina, acha chakula kishuke chenyewe. Kikienda haraka shusha bomba, kikigoma pandisha. Usisukume. Mlo uchukue kama dakika 20 mpaka 30, kama vile angekuwa ananyonya. Ukimaliza pitisha maji safi kidogo, na abaki ameinuka nusu saa.

Uji wa soya au wa mtama uchuje mara mbili kwa kitambaa. Akikohoa, akibadilika rangi, akianza kutokwa jasho katikati ya mlo, simamisha hapohapo, bana mpira, mtazame.

8. Kunyonya makohozi kwenye trakeo

Hii ndo inaogopesha wengi, na woga kidogo unafaa.

Sikiliza kwanza. Mpira safi sauti yake ni hewa tu. Makohozi yakijaa unasikia kama mtu anamalizia soda kwa mrija. Usinyonye kwa ratiba, nyonya ukisikia hiyo, au ukiona anahangaika, au oksijeni inashuka.

Kipimo cha mrija: zidisha saizi ya trakeo mara mbili. Trakeo ya 4.0, mrija namba 8. Urefu wa kuingiza unaupima mapema kwenye ule mpira wa akiba, uishie pale mpira unapoishia, usipite mpaka ugonge nyama. Huo urefu uandike ukutani kwa kalamu nene. Nguvu ya mashine 80 mpaka 120 mmHg kwenye saa yake, wachanga isizidi 100.

Ingiza bila kuvuta, ukifika kwenye kipimo ndo uvute, unatoka huku unauzungusha mrija vidoleni. Sekunde 5, isizidi 10. Ukitaka kujua 10 ni nyingi kiasi gani, bana pumzi yako wewe mwenyewe toka unapoingiza. Mpumzishe, angalia rangi yake irudi, kisha mara ya pili kama bado. Usimwagie maji ya chumvi kila mara kwa mazoea.

Tazama makohozi: meupe mepesi sawa, yakiwa mazito anahitaji unyevu zaidi, ya kijani na harufu pamoja na homa piga simu, damu nyingi nenda hospitali. Kamba ya shingo iwe inapitisha kidole kimoja. Kuibadilisha ni watu wawili, mmoja anashika mpira asiuachie hata kidogo.

9. Dawa

Usipime kwa kijiko cha chai. Na usikariri mili, kariri miligramu alafu soma chupa. Mfano parasetamo, miligramu 15 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 8 ni miligramu 120. Kama chupa imeandikwa 120 kwa mili 5, anapata mili 5. Ila maduka yetu yana chupa nyingine ya 250 kwa mili 5, ukimpa mili 5 ya hiyo umempa zaidi ya mara mbili ya dozi yake. Dada akitumwa dukani analeta yoyote. Soma kila chupa mpya.

Dawa za kifafa zisiishe. Zikibaki za siku 7, anza kudai. Kuzikatisha ghafla kunaleta degedege mbaya kuliko za mwanzo. Mtoto mpime uzito kila mwezi, akiongezeka mwambie daktari, dozi ya mwaka jana si ya leo.

Kuna watakaokukabidhi mtoto wa mofini ya maji (dawa kali ya maumivu), wa wale wanaotibiwa na Hospice Africa Uganda pale Makindye. Usiogope jina. Wanayotumia ni ya kunywa, inatolewa kila saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Kosa ninaloliona ni nesi kuruka dozi kwa sababu mtoto "amelala vizuri". Amelala vizuri kwa sababu ya ile dozi.

10. Andika

Saa, ulichofanya, ulichoona. Hapohapo, usingoje asubuhi. "Hali nzuri" haimsaidii anayekuja. "Pumzi 34, oksijeni 95, amekula mili 120 hajatapika, amekojoa mara 3" inamsaidia. Na picha za mtoto usiweke status, hata kama amependeza na mama amecheka. Ni mgonjwa wako.

SHIDA ZIKITOKEA

Trakeo imetoka au imeziba. Iliyoziba nyonya kwanza, ikigoma itoe. Alafu ingiza ya saizi yake, ikikataa ingiza ile ndogo. Zote zikikataa mpe oksijeni tunduni na puani, na kama njia yake ya juu iko wazi, ziba tundu kwa kidole umpumulishe na ambu kwa mdomo. Mwenzako anapiga simu na anawasha gari. Fanya mazoezi ya hili na mama kila wiki kwa mdoli, kwa sababu siku yenyewe hutafikiri, mikono itafanya ilichozoea.

Mpira wa tumboni umechomoka. Tundu linaanza kujifunga ndani ya masaa machache. Kama operesheni haijafika miezi miwili usirudishe mwenyewe, funika na nenda hospitali. Kama ni la zamani na umefundishwa, weka wa akiba.

Mpira umeziba. Maji ya uvuguvugu, bomba kubwa la mili 20 au zaidi, vuta na sukuma taratibu. Bomba dogo linapasua mpira. Soda hapana.

Konsentreta inalia. Plagi, mrija uliokunjwa chini ya godoro, kifuniko cha chupa ya maji, chujio lenye vumbi. Zamisha ncha za puani kwenye glasi ya maji, ukiona mapovu hewa inafika. Hata ikifika, mtoto akishuka hamia kwenye mtungi kwanza, mashine utaichunguza baadaye.

Degedege. Ubavu, angalia saa, usiweke chochote mdomoni, wala kijiko wala kitunguu. Ikifika dakika 5 toa dawa ya dharura iliyoandikwa kwenye karatasi, na safari ianze.

Mwenye shanti anatapika. Ukiona na usingizi usio wa kawaida, utosi umevimba, macho yanatazama chini tu, au homa, usiseme ni malaria mpaka daktari wa kichwa amemwona. Kipimo cha malaria kikisoma ndiyo, bado anaenda.

Jaja anamlisha uji kwa mdomo ukitoka chumbani. Anafanya kwa mapenzi, anaona mtoto hajaonja kitu. Usimfokee. Mkalishe, mwonyeshe mtoto anavyokohoa, umwambie, "Jaja, huu uji unaenda kwenye mapafu." Alafu mpe kazi yake: kumkanda miguu, kumwimbia, kumshika wakati chakula kinashuka. Kwenye nyumba nyingi nimeona akishapata kazi yake anakuwa mlinzi mkali kuliko wewe, hata wageni anawanawisha mikono.

Mshahara unachelewa. Wakumbushe kwa maandishi tarehe ileile kila mwezi. Ukiamua kuondoka, toa notisi, na usitoke mpaka atakayekupokea amefanya shifti mbili na wewe, ameona kidole gumba kinavyokunjwa, na anajua ufunguo wa mtungi uko wapi.